Tulivyolipaka Rangi Gari-Nyumba Letu Pale Mafinga

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Mafinga yenye ukungu mzito, nilipotoka nje na kikombe cha chai mkononi kwenda kulitazama gari letu. Jioni iliyotangulia tulikuwa tumeliacha la bluu, linang'aa mpaka ukijitazama ubavuni mwake unaona meno yako. Asubuhi ile nilikuta kitu kingine kabisa. Bluu yote ilikuwa imeingia weupe, kama jicho la mzee linaloanza kupoteza nuru, na juu ya weupe ule vumbi la mbao lilikuwa limenata kuanzia mbele hadi nyuma. Niligusa kwa kidole. Rangi bado ilikuwa mbichi, ikabaki na alama ya kidole changu.

Nilirudi ndani kumwamsha mume wangu, Festo. Nilimshika mkono tu nikamvuta mpaka nje, tukasimama wote wawili kwenye umande tukiiangalia kazi yetu.

"Ni ukungu," alisema.

"Na mashine za mbao," nikasema.

"Na sisi wenyewe," akasema, akarudi kulala.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya lile basi dogo mlilonunua, wewe na mchumba wako. Mnataka kuligeuza nyumba ya kuwatembeza wageni kule Ruaha, na ukaniambia mtalipaka rangi wenyewe kwa wikiendi moja. Nilicheka, ukaniuliza nacheka nini. Jibu lake ni refu kidogo. Vuta kiti.

Wakati ule nilikuwa binti wa Kinyakyusa mwenye cherehani moja, nimeolewa na Mhehe. Wazazi wangu walikuwa Mbeya, mama yake Festo alikuwa Ilula, na sisi tulipanga chumba Mafinga kwa sababu Festo aliendesha lori la mbao la bosi mmoja tuliyemwita Mzee Sanga. Lori lile lilikwenda Zambia. Festo akishaondoka, sikujua atarudi lini. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, na sisi hatukuwa nazo. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa niliuona mgongo wake kuliko uso wake. Akirudi analala, anabadilisha oili ya lori, anaondoka tena. Mimi nabaki na sare za shule za kushona, naongea na cherehani.

Kwenye uwanja wa Mzee Sanga, nyuma ya magogo, kulikuwa na gari lililotelekezwa. Wazungu fulani, mume na mke, walikuwa wakisafiri nalo kuelekea kusini, injini ikawafia njiani, wakamwachia Mzee Sanga na kuendelea na safari kwa basi. Lilikuwa gari la kulala humo humo. Lina kitanda, sinki, jiko dogo la gesi, na makabati yenye vitasa vya kubonyeza ili vyombo visimwagike barabarani. Kichwa chake kilikuwa cha chuma, lakini chumba cha nyuma kilikuwa cha faiba iliyobandikwa juu ya fremu ya mbao. Majani yalikuwa yameota mpaka usawa wa madirisha, na kuku wa mlinzi walitagia chini yake.

Festo ni mtu asiyeweza kupita mbele ya injini iliyokufa bila kuichungulia. Kila akirudi safari alikwenda kuifungua kidogo, akaifunga, akaondoka. Mzee Sanga akawa anamtania, "Ukiliwasha, lichukue." Ikafika siku akaliwasha kweli. Moshi ulijaa uwanja mzima, kuku wakatawanyika, na Mzee Sanga hakuwa tena na namna ya kurudisha neno lake.

Ndipo wazo letu lilipozaliwa. Madibira kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na msimu wa mavuno pawatila, vile vitrekta vya mkono, na mashine za kukoboa zinaharibika kila kukicha, mafundi ni wachache. Festo angetengeneza mashine, mimi ningeshona nguo, tungeishi ndani ya gari letu, na mavuno yakiisha tungehamia kwenye minada ya kwingine. Tungekula chakula cha jioni pamoja kila siku. Ulikuwa mpango wa vijana, lakini hadi leo sioni ubaya wake.

Kilichobaki ni rangi. Usifikiri ilikuwa urembo. Rangi ya zamani ilikuwa imepasukapasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi, na maji yakiingia kwenye nyufa zile yanakwenda moja kwa moja kwenye mbao. Tena, nani angepeleka kitambaa chake cha harusi kwa mshonaji anayeishi kwenye gari lililofanana na jalala? Tulikwenda Iringa kumuuliza fundi rangi mmoja. Alipotaja bei yake tulimshukuru, tukatoka, tukatembea hadi stendi. Hapo ndipo Festo aliposema tutapaka wenyewe.

Mzee Sanga alimpa likizo ya mwezi mmoja. "Mwezi ukiisha na gari lako bado liko hapa uwanjani," alimwambia, "unarudi kwenye lori. Siwezi kuwa na dereva nusu nusu." Festo akakubali. Kwa hiyo elewa, mwanangu, kile kilichokuwa mbele yetu. Gari likiwa tayari, tunaishi pamoja. Lisipokuwa tayari, yeye Zambia, mimi na sare zangu.

Vifaa tulinunua kwa Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzaliwa wa hapohapo Mafinga, aliyeongea Kihehe vizuri kuliko mimi niliyeolewa na Mhehe. Alitufungia rangi ya bluu, thina na selotepu za karatasi.

"Msasa?" akauliza.

"Hatuna muda wa msasa," Festo akajibu.

"Praima ya kupaka kwanza?"

"Rangi ya zamani ndiyo itakuwa praima."

Bwana Kanji alimtazama, akanitazama na mimi, akafunga mzigo. Hakuwa na tabia ya kubishana na wateja.

Tuliliosha gari kwa sabuni, tukabandika magazeti kwenye madirisha, Festo akaazima kompresa na bomba la kupulizia kwa fundi wa pancha aliyekuwa jirani. Alipuliza mchana kutwa hadi jua linazama. Nilimfuata na kitambaa nikifuta pale rangi ilipoteremka. Hatukula. Tulijiona kama watu waliokwisha kufika Madibira. Kilichotokea asubuhi yake nimekwisha kukusimulia.

Hatukukata tamaa mara ile ya kwanza. Tulingoja ikauke, tukapangusa vumbi lililokubali kupanguswa, Festo akapuliza tena juu yake, safari hii kuanzia saa sita jua likiwa kali. Ikakauka vizuri. Ikabaki kazi ya kubandua selotepu, na hiyo nilijipa mimi. Nilivuta ile ya dirisha la kwanza taratibu, na rangi ikaja nayo, ukanda mrefu kama mkono wangu, kama ninamenya ndizi. Nikavuta ya dirisha la pili, mambo yakawa yale yale. Bluu yetu ilikuwa imekaa tu juu ya ile rangi kuukuu yenye utelezi, haikuwa imeshika popote.

"Nilikwambia tupige msasa kwanza," nikasema.

"Uliniambia lini?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimewaza tu, na kuwaza kwangu nikakuhesabu kama kusema. Yeye naye akanijibu kwamba mimi ndiye niliyekuwa namharakisha. Basi tukabishana pale mbele ya mlinzi na kuku wake, mambo ya rangi yakaingia mambo ya safari za Zambia, yakaingia mambo ya mama yangu, mpaka Festo akatupa kitambaa chini na kwenda zake mjini. Aliporudi alikuwa na msasa wa kila aina, na vikwangulio viwili. Akanipa kimoja. Hapo ugomvi ukaisha bila mtu kuomba msamaha.

Kukwangua gari zima ni kazi, mwanangu. Video za kwenye simu yako hazikuonyeshi bega linavyouma. Vumbi la rangi linaingia puani, linaingia kwenye chakula, unapiga chafya ya bluu. Unasugua sehemu ndogo kama meza ya kulia, ukirudi nyuma kuangalia unaona gari limezidi kuwa kubwa. Siku zetu za likizo zilikuwa zinakwenda na sisi hatujapaka hata tone.

Mchana mmoja Festo alikwenda kwa mchomeleaji kushughulikia bomba la moshi. Nilibaki peke yangu nikikwangua chini ya dirisha la nyuma, upande wa kitanda. Kikwangulio kikazama. Nikadhani nimekosea mkono. Nikajaribu kwa bisibisi, nayo ikaingia mpaka kwenye mpini bila kusukumwa sana, na nilipoichomoa ikatoka na harufu ya uyoga. Fremu ya ndani ilikuwa imeoza. Maji yalikuwa yamepita kwenye mpira wa dirisha lile tangu enzi za wenyewe.

Pembeni yangu kulikuwa na kopo la puti ya kuzibia mashimo. Nisikufiche, nililifungua. Nilichota puti nikaiweka juu ya kipande cha ubao, nikatia dawa yake, nikakoroga. Puti ukishaitia dawa haikusubiri, una muda mfupi tu kabla haijakauka. Nikasimama pale nimeshika ubao ule. Niliwaza kwamba nikiziba shimo hili sasa hivi, nikapiga msasa juu yake, Festo hatajua. Wiki inayokuja tunapaka, tunaondoka. Nikimwambia, likizo itaisha ukuta ukiwa wazi, na atarudi kwenye lori. Niliwaza sana, na nilipotazama ubao, puti ilikuwa imekauka imekuwa jiwe.

Festo alirudi akiwa na furaha, bomba limetengemaa.

"Njoo uone kitu," nikamwambia.

"Nimechoka. Niambie tu."

"Ukuta umeoza."

Alikuja, akachomeka bisibisi, akaichomoa, akainusa. Kisha akaona ule ubao wenye puti iliyokauka.

"Na hii?"

"Nilitaka kuziba."

Akauinua ubao ule. "Kwa nini hukuziba?"

"Kwa sababu wewe ndiye ungelala upande huu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu rangi ya kwanza iharibike. Kisha tukafungua ubao wa ndani tuone ukubwa wa tatizo, kicheko kikatuishia wote. Uozo ulikuwa umeshuka kutoka dirishani hadi sakafuni, na pembe nzima ya nyuma ilikuwa imeshikiliwa na faiba peke yake. Kama tungeondoka vile, nyumba yetu ingechanika kwenye mashimo ya njia ya Madibira, sisi tukiwa ndani.

Mwezi ukaisha. Festo alikwenda kwa Mzee Sanga kuomba siku za nyongeza, akarudi amebeba funguo za lori. Hakuwa na haja ya kueleza.

"Nenda Mbeya ukae kwa wazazi wako mpaka nirudi," aliniambia wakati wa kuagana.

"Nani ataangalia gari?"

"Gari lina shimo. Nani ataliiba?"

Sikwenda Mbeya. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alipousikia mpango wetu alisema hajawahi kusikia binti wa mtu akikaa kwenye gari. Niliapa hatanisikia nikilalamika. Kwa hiyo nikabaki, asubuhi nashona, mchana nakwangua, na kila aliyenisalimia nilimwambia mambo yanakwenda vizuri. Hata barua niliyowaandikia nyumbani ilisema hivyo.

Siku moja nikasikia mtu anaita kutoka getini. Alikuwa mama yake Festo. Mama yule aliuza nyanya barabarani pale Ilula, na kwa miaka mingi ya kuuza kwenye madirisha ya mabasi alizoea kuongea kwa haraka, kama basi linataka kuondoka. Alikuja na kapu la nyanya kichwani na begi dogo la nguo.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mama. Kila kitu kinakwenda vizuri."

Aliweka kapu chini. Alilitazama gari, lile shimo, plastiki niliyoifunga kwa kamba dirishani, na mikono yangu iliyopasuka.

"Dereva mmoja alisimama kununua nyanya akaniambia mke wa mwanao anakwangua gari peke yake, uso umemkauka kama aliyefiwa," alisema. "Nimepanda basi nije nione. Sasa wewe unanisomea taarifa ya habari."

Nikainama chini.

"Uliona aibu?"

"Ndiyo, mama."

"Aibu ya nini? Mnajenga nyumba. Mimi nilipojenga yangu kule Ilula, ukuta wa mbele uliangukia barabarani mchana kweupe. Mabasi yalisimama. Abiria walishuka wakaangalia, wengine wakasaidia kutoa matofali njiani. Nilijenga tena, na hao hao leo wananunua nyanya zangu." Akakaa kwenye gogo. "Umeolewa kwetu, binti yangu. Sikukupokea ili uje kunidanganya kwa adabu. Jambo likiwa baya, niambie ni baya, nijue nilete nini. Umesema vizuri, nimeleta nyanya. Ungesema vibaya ningeleta watu."

Mwanangu, nimekemewa na walimu, na wachungaji, na baba yangu mwenyewe. Hakuna karipio lililoniingia kama lile. Nililia, naye akaniacha nilie, akawa anachambua nyanya zilizobonyea safarini. Nilipomaliza akajifunga kitenge kiunoni akaniuliza kikwangulio kingine kiko wapi.

Mama yule hakujua chochote kuhusu rangi. Alichojua ni kuongea na watu. Kesho yake alizunguka kwenye karakana za maseremala akisalimia kwa Kihehe, na kabla ya chakula cha mchana alirudi na seremala mmoja mnene, Mwalongo, ambaye baada ya kuulizana koo ilionekana ni shemeji wa binamu yake. Mwalongo alitoa dirisha lote, akakata mbao zilizooza, akaweka mpya zilizotiwa dawa. Tulizungushia silikoni dirishani, tukamwagia ndoo za maji kwa nje huku mama amekaa ndani akipapasa ukuta kwa kiganja. Palikuwa pakavu. Kisha nikaenda kwa Bwana Kanji, na safari hii nikamwomba aniambie kila kinachohitajika. Alishuka kwenye kiti akanionyesha mwenyewe, msasa upi wa kuanzia na upi wa kumalizia kwa maji, na praima ya kushika kwenye faiba. Ila rangi ya bluu ile ya kwanza ilikuwa imekwisha dukani, na iliyobaki kwenye ndoo yetu ingetosha upande mmoja tu. Alikuwa na bluu nyingine, iliyopauka kidogo.

Likabaki swali la hali ya hewa. Ukungu wa Mafinga hauondoki mpaka asubuhi iwe imekwenda sana, na ukiondoka tu, mashine za mbao zinakuwa zimekolea, vumbi linapeperuka mji mzima. Siku pekee mashine zilipolala ilikuwa Jumapili. Nilisita kumwambia mama, maana alikuwa mama wa kwaya, lakini alishanitangulia.

"Tutasali ibada ya kwanza," alisema, "tukitoka, tunapaka. Mungu anajua mashine za mbao zinalala lini."

Fundi pancha alikuwa amesafiri na kompresa yake, kwa hiyo tulitumia rola na brashi. Mama alishika ngazi, mimi nikapaka upande unaotazama barabara. Nilijifunza kwa mikono siku ile. Ukichota rangi nyingi inateremka, inakauka kama machozi. Ukirudia pale ilipoanza kukauka, brashi inainyofoa. Tabaka linakuwa jembamba, unaliacha, unakwenda kunywa chai, hata kama mkono unakuwasha kurudia. Kabla baridi ya jioni haijaanza mama alininyang'anya brashi mkononi. Nilitaka kuendelea, akakataa. Jumapili iliyofuata tukaweka tabaka la pili.

Festo alirudi katikati ya wiki. Nilisikia honi ya lori nikabaki nimesimama pale pale. Alishuka akiwa na vumbi la Zambia, akamsalimia mama yake, akanisalimia mimi, kisha akaenda kwenye gari. Alibonyeza chini ya dirisha kwa kidole gumba, akabonyeza tena kwa nguvu. Akaweka shavu lake ukutani akautazama urefu wake wote, jinsi mafundi wanavyofanya. Nilijua anachokiona. Michirizi ya brashi ilionekana wazi, na pale karibu na mlango paliteremka machozi mawili matatu ambayo nilishindwa kuyafuta.

"Nani kapaka?"

"Mkeo," mama akajibu. "Mimi nilishika ngazi."

Nilikuwa nangoja aseme atapuliza upya juu yake. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama tena.

"Upande huu usiguswe," akasema.

Jumapili iliyofuata Festo aliupaka upande wa pili kwa kompresa ya fundi pancha, aliyekuwa amerudi, kwa ile bluu ya mwanzo iliyokuwa imebaki kwenye ndoo, akiwa ameupiga msasa na praima kama inavyotakiwa. Ukatoka laini kama sahani. Kwa hiyo gari letu lilikuwa na pande mbili zisizofanana, moja ya bluu iliyokolea inayong'aa, nyingine ya bluu iliyopauka yenye mistari ya mkono wangu. Mzee Sanga alikuja akalizunguka lote, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole.

"Sharti lilikuwa mwezi," alisema.

"Ndiyo, mzee," Festo akajibu.

"Basi utaendesha mpaka nipate dereva mwingine. Nikimpata, nendeni."

Alimpata wakati mavuno yamefika nusu. Tulifika Madibira tumechelewa, lakini mashine zilikuwa zinaharibika kama kawaida. Tuliegesha kando ya mfereji, na bila mtu kupanga, wenye pawatila wakawa wanakuja upande wa Festo, na kina mama wenye vitambaa wanakuja upande wangu. Mvua kubwa ya kwanza ilipotukuta, tulikaa kitandani tukiusikiliza ukuta ule. Haukupitisha hata tone. Tuliishi ndani ya gari lile hadi mtoto wetu wa pili alipotakiwa kuanza shule, ndipo tukamuuzia mfuga nyuki mmoja na kujenga hapa. Ilikuwa miaka mizuri. Tulibanana, tulipigana vikumbo kwenye kale kasinki, lakini nilikuwa namwona mume wangu usoni.

Sasa, mwanangu, haya ndiyo ninayokuambia wewe na mwenzako. Msilipake basi lile kwa wikiendi moja. Likwangueni kwanza, mpaka mjue kila kitu kilicho chini yake, na mkikuta kibaya, aliyekiona amwambie mwenzake siku ileile, hata kama habari hiyo inavuruga mpango. Mpango utapangwa upya. Ukimficha mwenzako ili msichelewe, mtafika mapema mahali ambapo hamtapapenda. Na wazo ulilonalo kichwani, litamke. Usije ukamlaumu mtu kwa neno ambalo hukumwambia.

Tena msione haya kuonekana mmekwama. Wapigieni mama zenu, nipigieni mimi, mwulizeni mwenye duka. Watu wako tayari kusaidia kuliko mnavyofikiri, wanachokosa ni kuambiwa ukweli. Halafu kazi ya mwenzako ikitoka na michirizi, itazame vizuri kabla hujashika brashi kuirekebisha. Huenda ndiyo kazi bora aliyoweza kuifanya huku wewe hupo. Na mkono ukichoka, mwachieni Mungu siku iliyobaki. Rangi haikauki kwa kuitazama.

Nendeni salama. Mungu awape jua siku mtakapopaka, na upepo uende kwingine. Awape uvumilivu wa kungoja tabaka likauke, na maneno matamu wakati mikono inauma. Barabara ya Ruaha iwapokee na kuwarudisha, wageni wenu washuke wakiwa na furaha, na mvua ikinyesha juu ya paa lenu, muisikie mkiwa wakavu, mkiwa pamoja. Amina, wanangu.